Ukurasa wa Kumi na Nne

Kazi yangu ni masikio.
Saa tatu kasorobo navaa vipokea sauti,
nakalia kiti ambacho mguu wake nimeufunga kwa waya,
na ng'ambo ya kioo Bunge la Kaunti linaingia:
siwa mbele, Spika nyuma,
kisha waheshimiwa, wengine bado wanachokoa meno.

Sheria zangu ziko kwenye karatasi, imebandikwa ukutani.
Andika walichosema, si walichotaka kusema.
Wakigonga meza, (Makofi).
Wakicheka, (Vicheko).
Wakizozana, (Kelele).
Mgeni aliye roshani hana kinywa.
Akisema, hakusema.

Alhamisi hiyo hoja ilikuwa jenereta
ya Zahanati ya Kosire, kule mashamba ya mpunga yanakoishia
na mto Nyando unakoanza kulala vyumbani mwa watu.
Milioni nne na nusu.
Imenunuliwa, ilisema ripoti. Imefika, ilisema ripoti.
Inanguruma, alisema Mheshimiwa Ogweno,
akaiga mlio wake kwa midomo.
(Vicheko.)

Nyangweso akasimama kwa hoja ya nidhamu.
Apudo akasimama kumwarifu Nyangweso.
Nyangweso akasema yeye si wa kuarifiwa.
Wakarushiana vifungu vya kanuni
kama watoto warushianavyo magunzi,
hata jenereta ikabaki peke yake katikati ya ukumbi,
haina wa kuiwasha.

Ndipo roshani, safu ya pili, mama akainuka.
Simjui. Mlinzi ndiye aliyenitajia baadaye:
Dorsila Awiti, mkunga, miaka kumi na tisa Kosire.
Hakupaza sauti. Alisema kama anayeuliza bei ya omena:
"Juzi nimezalisha mapacha kwa tochi ya simu.
Chaji iliisha kabla ya wa pili.
Naomba mnionyeshe hiyo jenereta, nikaiguse."

Mpambe alikuwa hajavuka ukumbi.
Spika alikuwa ameinua nyundo, hakuishusha.
Nikatazama saa ya kinasa sauti:
sekunde kumi na moja.
Nikasikia feni.
Nikasikia korongo akikanyaga mabati.
Nikasikia kiti cha ngozi kikilia
chini ya mtu anayejitahidi asitikisike.

Kisha nyundo, kisha mlango, kisha yale ya kila siku:
wanaoafiki waseme ndiyo,
wasioafiki waseme la,
walioafiki wameshinda.

Jioni nikausafisha ukurasa.
Maneno ya mama nikayatoa. Nina mkataba wa miezi sita
na karo ya muhula wa pili, sijifanyi shujaa.
Wala sikumuuliza mlinzi habari za yule pacha;
niliogopa jibu nisiloweza kulitia mabanoni.
Lakini pale alipotoka mama palibaki shimo,
nami sikufundishwa kuziba shimo kwa hewa.
Nikaandika neno moja:
(Kimya.)
Halimo kwenye karatasi ya ukutani.
Wala halikukatazwa.

Jumanne, sala haijapoa,
Ogweno huyo, miwani puani, taarifa mkononi:
"Bwana Spika, ukurasa wa kumi na nne umelichafua Bunge hili.
Hatukunyamaza!"
Apudo: "Tulinyamaza."
Nyangweso: "Tulikuwa tukitafakari."
(Kelele.)

Dakika arobaini wakabishania sekunde kumi na moja.
Na Ogweno, mishipa imemtoka shingoni,
ili ajulikane kuwa hakuna swali la kumnyamazisha,
akalirudia lote, hakuacha hata silabi:
mapacha, tochi, chaji, wa pili,
mnionyeshe, nikaiguse.

Ogweno si mgeni. Ana kinywa.
Asemacho, amesema.
Vidole vyangu havijawahi kukimbia vile,
nukta kwa nukta, mkato kwa mkato,
hadi akamaliza, akageuka huku na huku
akitafuta atakayegonga meza.

Nikasikia feni.
Nikatazama saa.