Skrubu

Siku kumi na mbili nimekuwa ulimi wao.
Mama akisema jicho linawasha kama limeingia mchanga,
namgeuzia Annelise mchanga ule,
naye ananipa matone,
nami nayageuza kuwa asubuhi, mchana, na kabla ya kulala.

Leo hakuna wagonjwa. Viti vya plastiki vimepangwa
mbele ya kanisa, hapa Kayole.
Mchungaji amefunga tai. Chapati zimelala chini ya kitambaa.
Wageni wanne wamevishwa vitenge juu ya vitenge
mpaka hawajui waiweke wapi mikono.

Mchungaji alisema "neema" mara tisa.
Nilitafsiri tano, nne nikazimeza na soda.
Annelise akasema: nitarudi.
Neno hilo nimelitafsiri miaka sita,
kwa vikundi sita, kwa fulana za rangi sita,
na makofi huwa ni yale yale.

Kisha akasimama Bi Kalekye,
fundi wa nguo, kibanda chake nyuma ya kinu cha posho.
Jumanne ile ya kwanza alitunga uzi kwenye sindano mbele yetu
bila kumwita mtoto wa jirani.
Akauchomoa. Akautunga tena. Akauchomoa,
kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba
na bado haamini mlango ni wake.

Leo aliivua miwani, akaiinua juu.
"Mwambie mkono huu wa kushoto unalegea.
Skrubu ikidondoka, nao wako huko kwao,
nani ataikaza?"

Watu wote wakanitazama mdomo.
Nikasema kwa Kiingereza: anawatakia safari njema.
Annelise akaweka kiganja kifuani, machozi yakamlenga.
Bi Kalekye alikuwa bado amesimama, anangoja jibu.
Nikamwambia: anasema Mungu akuzidishie.
Akaketi.
Hakuwa ameuliza hilo.

Uwanja wa ndege, saa nne usiku.
Annelise ananiuliza aseme lipi,
kwaheri, au ile ndefu aliyoisikia kwa akina mama.
Nikamweleza: kwaheri unampa yeyote.
Kwaheri ya kuonana ni ya mtu unayemdai,
au anayekudai.
Alicheka, akidhani natania.
Hapo likanitoka. Nikamwambia la skrubu,
neno kwa neno, kama nilivyolipwa kufanya.

Safari hii hakulia. Alipiga magoti sakafuni,
akachana plastiki aliyolipia sanduku lizungushiwe,
akatoa soksi, kahawa, twiga wawili wa mbao.
Nyuma yetu msururu ukaguna.
Akaibuka na bisibisi, nyembamba kama njiti ya kiberiti.
Skrubu hakuwa nazo. Zilikuwa kwenye begi la mwenzake,
na mwenzake alikwisha kupita.
"Samahani," akasema.
Hilo halikunihitaji mimi.
Kisha akaisema ile ndefu, polepole, wala hakukosea.

Alhamisi nilishuka barabara ya Luthuli
kwa fundi wa saa aitwaye Gichohi.
Skrubu kumi, shilingi mia, ndani ya kikaratasi cha risiti.
Nilikaza mkono ule wa kushoto nimebana pumzi,
mara mbili ikaniponyoka, tukaitafuta kwa sumaku ya pini.
Bi Kalekye akaivaa. Akakitikisa kichwa kwa nguvu,
kama mbuzi aliyenyeshewa.
Miwani ikakaa.
"Mwambie imeshika," akasema,
na mguu wake ukarudi kwenye cherehani.

Nami, kwa mazoea, nikageukia kulia,
nimekwisha kufungua mdomo.
Palikuwa na pipa la maji,
na shati la shule lisilo na vifungo.

Tisa zimebaki. Ninatembea nazo mfukoni.