Maziwa Yasikatike

Kaskazini mwa Minnesota, mwezi wa Januari,
ziwa si maji tena. Ni sakafu.
Unaliendesha pikapu juu yake mkanda umeufungua,
kioo umekishusha, baridi ikikung'ata sikio,
kwa sababu baba alituusia:
barafu ina adabu, haina ahadi.

Kibanda chetu ni mbao na bati, futi nane kwa sita.
Jiko la kuni pembeni, matundu mawili sakafuni,
ndoo mbili zimepinduliwa kuwa viti.
Ya kaka yangu Verlyn inatazama ukuta.
Yangu inatazama mgongo wake.

Hatujasemezana tangu nyumba ya baba ilipouzwa.
Hii ni baridi ya pili.
Nyumba iligawanyika, pesa zikagawanyika,
hata saa ya ukutani ilipata mwenyewe.
Kibanda kilikataa kugawanyika
na hakuna aliyekubali kukiacha.

Saa nne asubuhi uzi wake ukatetemeka.
Akamvuta sangara wa huku, macho kama gololi,
akamweka juu ya barafu, naye akakauka mkia ungali hewani.
Mimi nikapata wawili.
Hakuna aliyemsifu mwenzake.

Ndipo simu ikalia. Mama, ghorofa ya nne mjini,
dirisha lake linatazama maegesho ya magari.
"Mmepata?"
"Watatu."
"Basi pikeni ile supu nzito. Mwambie Verlyn akate viazi."
"Anakusikia, mama."
"Sikuuliza kama anasikia."

Nikaiweka simu rafuni, sauti wazi,
kati ya kopo la minyoo na kopo la kahawa,
na Ardis binti Halvorson, miaka themanini na minne,
akatupikia kwa mdomo.

Nyama ya nguruwe ya chumvi kwanza, vipande kama dadu,
mpaka mafuta yatoke yenyewe, msiyalazimishe.
Kitunguu kilainike, kisiungue.
Viazi. Maji ya tunduni, yafunike viazi tu.
Vichwa na mifupa kwenye sufuria ndogo,
mchuzi wake mchuje kwa kitambaa. Safi, Verlyn, si kile cha mafuta ya gari.
(Verlyn alikuwa amekishika hicho hicho. Akakirudisha.)
Samaki awe wa mwisho. Samaki ni mgeni,
haingii kabla sebule haijafagiliwa.
Na akiingia msimkoroge. Mkimkoroga mtakula pamba.

"Sasa maziwa," akasema.

Kopo lilikuwa limelala kwenye kisleji tangu alfajiri.
Nikalitikisa: jiwe.
Ziwa limeganda, maziwa yameganda,
na sisi wawili katikati, hatuna wa kumlaumu.
Verlyn akanyosha mkono bila kugeuka.
Akafungua koti, akafungua sweta,
akalitia kopo kwapani, uso ukamkunjika kama mtoto anayechomwa sindano.
Nilicheka. Sikukusudia.
Bega lake likacheka pia, bega moja, lile lisilo na kopo.

Dakika ishirini hivyo. Kuni zikapasuka. Viazi vikaiva.

"Yamiminwe polepole," mama akasema, "na yasichemke!
Yakichemka yatakatika,
na yakishakatika hakuna uzi wa kuyashona."

Mimi nilishika mwiko, yeye alishika mlango wa jiko.
Pembezoni mwa sufuria pakaanza kufuka,
kipovu kimoja, kingine,
na mdomo wangu ukafunguka wenyewe:
"Punguza."
Akapunguza.
"Bado?"
"Kidogo tena."
"Hivi?"
"Hivyo hivyo. Shikilia."

Tulikula kwa vikombe, biskuti za chumvi tukizivunja juu,
siagi ikielea, pilipili manga nyingi mno kama apendavyo.
Kiazi kimoja kilikuwa kigumu. Nikakitafuna.

Kikombe cha pili ndipo Verlyn akakumbuka rafu.
Tukasikiliza: kijiko kikigonga bakuli,
supu ya kopo, bila shaka, na redio yake ya hali ya hewa,
na pumzi ya mtu anayekula taratibu ili asisikike.

Hakuwa amekata.