Mlango wa Stoo

Baba alikuwa bawabu wa Shule ya Msingi ya Reli Juu,
kule Mto Ngong unakopita nyuma ya gereji,
na historia ya jimbo letu
aliiandika ndani ya mlango wa stoo
kwa msumari, si kwa chaki.
Chaki na kifutio, alisema, hulala kikasha kimoja.

Mwaka wa mlolongo nilikuwa darasa la tatu.
Watu walijipanga uwanjani nyuma ya picha:
picha ya Osewe, picha ya Wakiaga.
Mstari wa Osewe ulianzia golini, ukazunguka vyoo,
ukapinda kwenye mkaratusi, ukarudi golini tena
kama mkia wa kenge unaotafuta kichwa.
Wa Wakiaga ulitosha kivulini mwa tangi la maji.
Baba akapita akihesabu, ufagio begani,
maana nani humuuliza mwenye ufagio anahesabu nini?
Saa sita D.O. akapanda juu ya dawati
akasoma jina la Wakiaga.
Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja alivuka uwanja.

Jioni msumari ulilia mbaoni:
94, 612.
Akaizungushia duara ile ndogo.

Wiki ile ile Mwalimu Bilha akatufundisha
alama ya mdomo wazi,
mdomo unaoelekea nambari kubwa.
Nikanyosha mkono, nikaandika ubaoni nilichokijua:
94 > 612.
Viboko vitatu, kiganja kile kile.
Nyumbani baba akanikanda kwa maji ya chumvi, akasema,
"Mwalimu yuko sawa. Na wewe huna kosa."
Nimeizunguka sentensi hiyo zaidi ya miaka thelathini.

Vyama vikaja vingi, na sanduku, na wino.
Osewe akapita, Osewe akanenepa,
Osewe akahamia Lavington na namba yake ya simu.
Akaja Peninah Mumbua, aliyetujengea daraja la miguu,
akaangushwa na kijana aliyetuletea unga
kilo mbili mbili, na leso zenye uso wake
ambazo mama alishikia sufuria.
Yote yamo mlangoni, kwa nambari tu.
Majina baba hakuyaandika.
Majina, alisema, yana mawakili.

Disemba moja haina kura hata moja.
Ina neno na nambari, vimechongwa kwa kina
na mtu ambaye mkono haukutaka kunyamaza:
madawati 41.
Ndiyo yaliyochomwa kuchemsha uji
wa waliolala madarasani hadi Februari,
majirani wa upande huu wa reli na wa upande ule,
ambao hadi Krismasi walikuwa hawana upande.

Kisha tume ikachora mipaka upya.
Madarasa yakabaki; vyoo vikaangukia jimbo jingine.
Baba alicheka hadi akakohoa:
"Sasa nafagia majimbo mawili kwa mshahara mmoja."
Alikufa kabla ya uchaguzi mdogo,
ule wa mahakama na mvua,
wapiga kura wanane hadi saa nne.

Mlango sasa ni wa samawati.
Kibao kinasema umepakwa rangi kwa hazina ya jimbo,
na jina la mheshimiwa
limeandikwa kubwa kuliko la shule.

Uchaguzi wa juzi msimamizi wa kituo nilikuwa mimi.
Saa tisa za usiku stima ikapotea.
Nikaingia stoo kutafuta karabai,
na mwanga wa simu ulipouparaza mlango kutoka ubavuni
rangi ilishindwa kutunza siri:
mikwaruzo yote, vijito vyembamba vya kivuli,
94, 612, na duara lile
ambalo ncha zake hazikukutana.

Mawakala walikuwa wakiniita.
Nikatoka, nikazihesabu kura mara ya tatu,
nikaandika kilichokuwa sandukuni, nikatia sahihi,
wakapiga picha fomu yao, wakaenda.

Kisha nikarudi kutafuta msumari.