Pengo la Bwana Morioka

Ruwi, Agosti. Unyevu umevimbisha kitufe kimoja
cha kinanda cha Bwana Morioka,
mzaliwa wa mji uitwao Kobe
(tulicheka; naye akacheka, hajui kwa nini).
Nimefungua kwa bisibisi, nimepuliza, nimesoma bismillahi.
Wapi!

"Kiache," akaniashiria,
akapangusa miwani.

Saa nne usiku, ukumbi wa hoteli.
Ngoma ikatangulia, besi ikafuata,
na mkono wake wa kushoto ukashuka
kama mtu wa nyumba ajuaye gizani
kidato kipi kimeoza:
anakiruka, hatazami.
Kila alipofika pale akaacha nafasi,
nayo nafasi ikalia.

Bi Zuwena wa jikoni, mzaliwa wa Wete,
asiyejua jazi wala jamaa zake,
alisimama mlangoni na sahani haijakauka:
"Huyu kuna mtu kamzika."
Sikumjibu. Nilikuwa na nyaya mkononi.

Kiyoyozi kilikesha.
Asubuhi kitufe kimepona chenyewe.
Nikambonyezea: ting!

Alisikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa,
akainamisha kichwa, akanishukuru.
Kisha akaomba selotepu,
akakibandika.