Bawa Lililokataliwa

Kabla ya vita kiwanda kilikuwa cha piano.
Jumamosi alasiri ungesikia noti moja ikigongwa,
ikigongwa tena,
mpaka ikae sawa kama mtoto aliyekemewa.

Mwezi wa pili wakaja watu wawili kutoka Ottawa,
makoti mazito, karatasi zimekunjwa mara nne.
Kufikia mwezi wa tano nyuzi zilikuwa zimeng'olewa,
vibonye vya pembe vimetiwa magunia,
na sisi, wanawake mia na sita,
tunaunda mabawa ya ndege.

Mabawa ya mbao. Usicheke.
Chuma kilikuwa kimekwenda kwenye vifaru na meli;
tulichobakiwa nacho ni misitu.
Ubao wa mbetula, mwembamba kama ganda la kitunguu,
juu yake gundi, juu yake ubao mwingine,
na gundi yenyewe ilitokana na maziwa.
Naam, maziwa. Ng'ombe wa akina Snider
walikamuliwa alfajiri kwa ajili ya watoto
na jioni kwa ajili ya anga.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki;
maziwa yetu yalizoleka, yakaganda, yakaruka.
Nywele zangu zilinuka mtindi miaka mitatu.

Mzee Aloys Wendling, mrekebishaji wa piano,
walimbakiza kazini kwa sababu ya masikio yake.
Alipita kando ya kila bawa
akiligonga kwa kifundo cha kidole,
ko, ko, ko,
kichwa amekiinamisha kama anayedukua mlango wa jirani.
Palipo na ufa usioonekana, sauti hufa mapema.
"Hili halitoki," alisema, na hapakuwa na rufaa.
Msimamizi alitaja idadi, akataja tarehe, akataja vita.
Mzee akajibu: "Vita havina sikio. Mimi ninalo."

Jina lake lilikuwa la Kijerumani, kama langu.
Asubuhi moja tulikuta rangi nyekundu langoni,
neno moja, herufi zimechuruzika juu ya theluji.
Tukalisugua kwa mafuta ya taa.
Tukaingia kazini. Tulichelewa dakika kumi na moja,
zikakatwa.

Ndugu yangu Orval alikuwa ng'ambo,
msoma ramani ndani ya ndege kama hizo,
na tangu utotoni ni mtu wa kifua.
Basi kabla hatujafunga bawa
niliingiza mkono gizani na penseli, nikaandika:
*Orval, funga skafu. V.*
Sikujua lipi lingemfikia.
Niliandika kwenye yote.

Telegramu ya kwanza ilifika kwa Bi Hallman, zamu ya usiku.
Hakulia. Alimaliza kubana vibanio vyake,
vyote ishirini na vinne, kisha akavua aproni.
Hakuna aliyesema neno,
lakini kila mmoja wetu alikuwa anahesabu:
mwezi gani, bawa gani, mkono wa nani.
Na mimi nilihesabu zaidi yao,
kwa kuwa huenda mtoto wake Clayton
alianguka baharini
amebeba salamu za mtu mwingine.
Sijamwambia. Amekufa sasa, na bado sijamwambia.

Vita vilipokwisha walitupa bahasha
yenye mshahara wa wiki na karatasi ya shukrani.
Nyuzi zikarudishwa, piano zikaundwa kumi na tatu;
watu wakanunua redio.

Mabawa aliyoyakataa Mzee Aloys
yaliuzwa uani, dola moja kila moja.
Wengi waliezekea mabanda ya kuku.
Mimi nililikata langu, nikalitia miguu,
nikapata meza ndefu, imepinda kidogo upande wa dirisha,
kikombe ukikiweka vibaya kinateleza.

Orval alirudi. Hazungumzi.
Huja Jumapili, hula supu yake bila kuinua macho,
kifua wazi, kwenye baridi ya kupasua mawe,
na wakati mwingine hugonga meza kwa kijiko,
ko, ko,
akasita, akagonga tena palepale
ambapo sauti hufa mapema.

Sijawahi kumwambia auangalie upande wa chini.