Sentimita Tatu

Mezani kuna vipeperushi viwili,
vimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka.
Kimoja kina kigari kinachopita kichwa chini,
watu wamepanua vinywa kama makinda.
Kingine kina maji.
Maji tu. Yanateremka kwenye mifereji ya plastiki ya manjano,
yanamwagwa kutoka kwenye ndoo kubwa kuliko choo chetu,
na hakuna mtu anayekinga.

Yaledi anataka kigari. Ana miaka arobaini na mbili,
anagonga mihuri masijala, kule Mtumba,
na likizo yake imesainiwa: siku saba, Desemba.
Sechelela yuko upande wake. Kamaliza darasa la saba,
anasema ahadi ni deni,
anasema akifika sekondari hajapinduka hata mara moja
atawasimulia nini wenzake, habari za zabibu?

Zabibu ndizo zinazotupeleka Dar.
Robo eka ya Mpunguzi, mavuno ya Agosti;
nauli ya treni ya umeme, watu watano, kwenda na kurudi,
na kiingilio cha mahali pamoja. Pawili hapatoshi,
nimeshapiga hesabu mpaka kalamu imechoka.
Fedha ziko ndani ya mto. Mto ninaolalia,
maana Dodoma, miezi hii,
mto wenye kitu ndani ni huo tu.

Mbeho anataka maji. Hana hoja, anataka tu.
Nyemo ndiye aliyeuliza:
"Hayo maji yakishamwagika, yanakwenda wapi?"
Nikamwambia yanavutwa na mashine, yanapanda tena.
Akafikiri.
"Kwa hiyo mgao hawana?"
"Hawana."
"Hata Jumatano?"

Nyuma ya kipeperushi cha kigari, kwa maandishi ya sisimizi:
*Asiyefikisha sentimita mia na ishirini haruhusiwi kupanda.*
Sechelela alikisoma kwa sauti, kisha akajuta.
Nyemo alikuwa ameshafika kwenye fremu ya mlango,
visigino ukutani. Baba yake akachukua futi kamba ya cherehani yangu.
Mia na kumi na saba.
Akavaa viatu vya shule: mia na kumi na tisa kasoro.
Mbeho akamchana nywele, akazisimamisha zote:
mia na ishirini na moja, na chenji.
Tulicheka sana.
Yeye hakucheka. Alisimama, kidevu juu, hapumui,
kama anayebeba ndoo isiyo na kifuniko.

Tukapiga kura. Mikono tu, bila siri.
Maji, mmoja: Mbeho.
Kigari, watatu.
Watatu, kwa sababu Nyemo naye kanyoosha.
"Wewe hupandi," Sechelela akamwambia, taratibu.
"Najua. Nitawashikia viatu."

Yaledi akakohoa. Akasema mama bado hajapiga.
Hata nikipiga, nikasema, ni tatu kwa mbili.
Akaniangalia, akaangalia mlango wa chumbani.
Anajua mto ni wa nani.

Saa nane usiku bomba la Nkuhungu likakohoa,
likatema hewa, likatema kutu, likaanza.
Nikatoka na khanga moja.
Pipa la kwanza. Madumu sita. Pipa la pili.
Miaka kumi na tatu nimeishi na mlio huu,
nikilala naulizwa nao, nikiamka namjibu jirani kwa ajili yake,
sijawahi kuacha hata kikombe kianguke
bila kumtafuta wa kumgombeza.

Pipa la tatu lilipojaa, mkono wangu ulikuwa kwenye koki.
Sikufunga.
Maji yakapanda mdomoni, yakatetemeka, yakashuka pembeni,
yakanipitia vidoleni, yakaenda zake kwenye mchanga.
Nikahesabu moja. Mbili. Nikafika tisa.

"Mama. Yanamwagika."
"Najua."
Alikuwa mlangoni, macho yamejaa usingizi,
mgongo umenyooka kwenye fremu,
visigino vimegusa ukuta.