Milimita Themanini na Tano

Nimefika Zamyn-Uud na mabango manne,
projekta iliyogoma kuwaka,
na hojaji mia mbili zenye muhuri wa taasisi.
Mada, kwa herufi nene:
NCHI YETU KATI YA MAJIRANI WAWILI.
Wamekuja kumi na tisa.
Mmoja amekuja kuota moto tu.

Nikaanza kama nilivyofunzwa Ulaanbaatar:
mizani ya nguvu, itifaki, ibara ya tatu, aya ndogo ya pili.
Kikohozi. Kiti kikalia.
Dejidmaa, muuza vitunguu, akanyoosha mkono:
"Mwanangu, hayo yanauzwa kilo bei gani?"

Nikanyamaza. Projekta nayo.

Nikamkumbuka baba, mhudumu wa behewa la saba,
miaka ishirini na sita akichemsha chai ya wasafiri.
Nikaazima rula ya Tselmeg, wa darasa la tano,
nikachora reli ubaoni.
"Yetu, tuliyoipokea kutoka kaskazini:
elfu moja mia tano na ishirini.
Ya kusini: elfu moja mia nne thelathini na tano.
Haya, toeni."
Tselmeg akawahi. Themanini na tano.

Upana wa kiganja changu.

Kwa kiganja hiki treni huinuliwa hewani usiku,
abiria wake ndani, waliolala na waliokesha,
chai ikitetemeka kwenye bilauri ya baba,
magurudumu ya huku yakitoka, ya kule yakiingia.
Waliopanga upana huu hawakutuuliza.

Hapo baridi ikatusahau.
Dereva wa lori akasimulia foleni ya siku kumi na moja,
mpaka umefungwa, betri imekufa, ndevu zimeganda.
Dejidmaa akasema kitunguu hakisomi mkataba,
ila huoza kwa tarehe zake.
Na yule wa kuota moto, bila kugeuka:
"Kama sisi ndio behewa,
jeki kashika nani?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali.

Nimerudi na hojaji mia moja themanini na moja, tupu.
Nyuma ya mojawapo Tselmeg amechora treni
yenye miguu ya farasi,
inavuka bila kusimama.
Nimeitia kwenye ripoti, kiambatisho cha pili.
Mkurugenzi ananiuliza
hii ni data ya aina gani.